Homa Iliposhuka Mlishangilia

Tabata Kimanga,
Dar es Salaam.
14 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Gozbert,

Pokea salamu zangu. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, na kwamba mvua za huko Muleba hazijaangusha migomba. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Ni miaka arobaini na sita tangu nihame kibanja chetu, na bado nikiamka natafuta harufu ya moshi wa jiko la mama.

Salamu zimetosha. Simu yangu umeikata mara mbili, ndiyo maana naandika. Barua anakuletea Lukmani, dereva wa basi, na nimemwagiza asiondoke mpaka umeisoma yote.

Mjukuu wangu Joyness, aliyekuja huko kwenu kuwatembelea, amelazwa Bukoba tangu Jumamosi. Daktari ameniambia ni dengi, ile inayoitwa kidingapopo. Kwamba hamkuitambua sikulaumu. Huko si ugonjwa mliouzoea, na mtoto aliutoa huku, ambako mtaa mzima umeugua. Ninalokulaumu ni Ijumaa.

Ijumaa homa ilishuka. Ukatangaza, "Amepona! Mtoeni asalimie watu." Majirani wakajaa, mkamkalisha mkekani, na kila mgeni aliposogezewa kikapu cha punje za kahawa, mtoto naye alilazimika kutafuna kwa heshima. Mkeo Edvina akaona damu kwenye fizi zake. Ukamjibu mbele ya wageni, "Kahawa hiyo! Watoto wa Dar meno yao ni ya chipsi." Watu wakacheka. Mtoto akasema tumbo linamuuma sana. Ukasema ni ndizi, amezisahau. Akatapika mara nne. Mkasema nyongo inatoka. Kufika jioni mikono yake ilikuwa ya baridi na imelowa jasho, hajakojoa tangu asubuhi, ameketi anazubaa, nawe ukamsifu kuwa ana adabu, haongei ovyo!

Gozbert, niliposimuliwa hilo nilitupa simu kitandani.

Edvina alimpeleka Bukoba alfajiri bila ruhusa yako. Daktari anasema saa chache zaidi zingetosha kumpoteza. Nawe hadi leo humsemeshi mkeo!

Sikiliza. Katika dengi, homa kushuka si kupona. Wengi hupona, ndiyo, lakini anayezidiwa huzidiwa mara nyingi wakati huo huo, kati ya siku ya tatu na ya saba. Maji ya damu huvuja kutoka kwenye mishipa, na mwili hupoa kwa sababu damu haizunguki. Ule ubaridi mlioushangilia ulikuwa wa hatari.

Sasa nasikia mwanao Byabato, aliyekaa kwangu na kusafiri na Joyness, ana homa tangu jana, na umemnunulia diklofenaki. Itupe! Hiyo na aspirini zaweza kumzidishia kutoka damu. Mpe parasetamoli kwa kipimo na vinywaji kwa wingi, na apelekwe akapimwe mara Lukmani akishafika. Nilimwomba Edvina afanye hivyo leo. Akanijibu, "Shemeji, safari hii akinifukuza nitakwenda wapi?"

Kwa hiyo neno ni lako. Homa ya Byabato ikishuka, labda Ijumaa au Jumamosi, wageni wasalimie kutoka uani, na mtu mmoja akae naye. Tumbo likimuuma sana, akitapika mfululizo, akipumua haraka, mkimwona anazubaa au anahangaika, mkiona damu popote au choo cheusi, msisubiri dalili ya pili. Moja inatosha. Mpelekeni hospitali.

Na kabla Lukmani hajaondoka, mwite Edvina. Mwambie mbele ya Lukmani kwamba ana ruhusa kuondoka na mgonjwa saa yoyote bila kukuuliza. Usimtume mtu, mwambie mwenyewe. Lukmani ataniambia kama umelisema.

Nisalimie shangazi Ephrasia, na Consolata na watoto wake. Kwa Edvina peleka shukrani zangu, maana mjukuu wangu anapumua kwa sababu yake. Mungu awainue watoto wetu wote wawili, na akupe wewe moyo wa kumsikiliza mkeo.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda na kukukasirikia,

Rugambwa