Ala Tupu ya Asger

Marnie, ukiamka kunywa dawa ya kikohozi, vijiko viwili. Supu iko jikoni, ipashe moto.

Nimekimbilia shuleni kwenu. Asubuhi mgeni wetu Asger alijitengenezea chakula cha mchana, ule mkate wao mweusi, akauliza tango atalikata na nini huko. Nikamtania, "Kwani Denmark hamna meno?" Akacheka, "Meno tunayo, Mama, na visu tunavyo." Nikadhani utani. Basi la shule lilipoondoka ndipo nikaona ala ya kisu mezani, tupu. Kile kisu cha skauti alichopewa na babu yake kimo mkobani mwake!

Kwao si kitu. Hapa unajua, mikoba inakaguliwa mlangoni. Wakikiona wanamfukuza, kesho anarudishwa kwao, na wenzake wote waliokuja naye wanatiwa doa.

Nakuonya, usimwandikie rafiki yako hata mmoja. Midomo yenu haina breki.

Shule ikipiga simu ~~sema hujui kitu~~ sema chakula nilitengeneza mimi na kisu ni changu. Mimi watanifokea tu. Mama yake kanikabidhi mwanawe.

Ala ninayo mfukoni. Wakibisha kuwa kisu si changu, nitawaonyesha.

Mama