Mume Wangu Kauawa Kitabuni na Hataki Kufufuka

Mpendwa Mama Hjördis, naomba unisaidie maana nimefika mwisho, mimi na mume wangu Torvald tunaishi ghorofa ya pili hapa Härnösand, na juu yetu anakaa Ylva Stråhle, yule mwandishi wa habari anayetunga riwaya za mauaji ambazo nchi nzima inakwenda nazo likizo ya kiangazi, sasa mwaka juzi Torvald alifua nguo katika zamu ya Ylva kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, na wewe unajua hapa kwetu utasamehewa kuiba mume wa mtu lakini si zamu ya kufulia, Ylva akawa anamsalimia ngazini kwa tabasamu, kisha akamuua kitabuni, akiwa na kofia yake ileile ya bluu anayoivaa kila siku, kichwa ndani ya mashine ya kufulia.

Nikadhani Torvald atakasirika. Wapi. Kitabu kimeuzwa mpaka Ujerumani, watalii wanakuja kwa mabasi, na mume wangu, mstaafu wa posta ambaye hata majirani walikuwa wanamsahau jina, kila asubuhi anashuka kulala sakafuni kando ya mashine apigwe picha. Wanamwekea maua. Nikimwambia, "Torvald, njoo ule, viazi vinapoa," ananijibu kafumba macho, "Mke wangu, marehemu hali chakula." Sijafua mashuka tangu Pasaka.

Linaloniuma zaidi, kitabuni mke wa marehemu halii. Polisi wanampa habari, yeye anajimiminia kahawa. Juzi mtalii mmoja alinitazama ngazini akamnong'oneza mwenzake, "Ndiye huyo." Nimwache huyu mwanamume?

Gunnel, mjane wa mtu aliye hai

Gunnel,

Pole, mama. Lakini umwache nani, maiti? Hakimu atakucheka.

Simtetei Torvald. Kumwibia mtu zamu ya kufulia ni ushenzi, na angekuwa jirani yangu asingefika sura ya pili. Ila hebu niambie, mara ya mwisho kumwambia mumeo neno lisilohusu viazi ilikuwa lini? Mzee wa watu analala kwenye saruji ya baridi kwa sababu pale kuna mtu anamtazama. Wageni wanamletea maua, wewe unamletea habari za mashuka.

Sasa nisikilize. Jiandikishie zamu ya kufulia, kihalali, kwa jina lako. Basi la watalii likifika, shuka na kapu lako, piga magoti, umlilie. Usiigize. Ifikirie siku atakayolala hivyo kweli, na wewe umebaki mezani na viazi vya watu wawili. Machozi yatakuja yenyewe. Atafumbua macho huyo, maana kilio chako hajawahi kukisikia.

Akiinuka, mpe ncha moja ya shuka mkunje pamoja. Asipoinuka, zamu ni yako: mwambie marehemu asogeze miguu, upige deki.

Mama Hjördis