Mama, Gari Lako Nimelirudisha Gungu

Mama,

Gari lako nimelirudisha Gungu, kwa Fundi Hamisi aliyetuuzia. Nakuandikia ili usikie kwangu kwanza, kabla Baba mdogo Filipo hajakusimulia makaburini kwa maneno yake. Nimelibadilisha na lingine la injini ndogo, kama lile ulilolipiga teke gurudumu ukasema ni la kupelekea maharusi kanisani.

Nina hasira na wewe. Padri kaniambia marehemu hakasirikiwi, huombewa. Nimekuombea. Nikishasema amina, hasira naikuta pale pale nilipoiacha.

Unaikumbuka siku tuliyokwenda kwa Fundi Hamisi kuchagua? Yalikuwa magari mawili, yote yametumika, yote yanavuta kwa magurudumu manne. Tofauti ilikuwa injini. Nilikwambia mbele ya fundi kwamba mafuta ya mji huu yanaletwa na treni, na mvua ikibomoa reli, pampu zote zinakauka. Injini ndogo inakunywa kidogo, tuchukue hiyo. Fundi naye akaeleza upande wake: kwenye mlima, na mzigo, na tope, injini ndogo inalazimishwa, inachemka, haidumu. Wewe ulikuwa unachokonoa meno kwa kijiti kama mtu asiyesikia. Kisha ukasema, "Sitaki gari la kuuomba mlima radhi." Fundi akacheka, na mazungumzo yakaishia hapo. Dereva ni mimi, lakini biashara ya dagaa ilikuwa yako.

Na lilipanda, sikatai. Tulipakia dagaa Kibirizi ufukweni, tukashusha soko la kambi ya wakimbizi, na kwenye kurudi hukuweza kumpita mtu. "Yona, simama." Mgonjwa, simama. Mama mwenye mtoto mgongoni, simama. Bibi wa Kirundi aliyevuka mpaka na godoro kichwani, simama. Miaka hii ya wakimbizi barabara haijawahi kukosa mtu wa kusimamiwa, na gari lako liliwabeba wote. Mimi natazama mshale wa mafuta unavyoshuka, wewe umemwachia mgonjwa kiti chako cha mbele, uko nyuma nao, unaimba pambio za Kirundi ambazo maneno yake huyajui.

Ndipo ikaja masika ile. Reli ikabomoka, treni haikuja. Kwenye tangi kulikuwa na dizeli ya kwenda mjini na kurudi nyumbani, basi. Nilikuomba ibaki hapo kwa dharura yetu wenyewe. Ukakubali. Mama, ulikubali! Halafu akaja yule kijana wa Kirundi na baiskeli, ameloa mpaka mifupa, akasema mkewe Goreti ana uchungu tangu jana na mtoto amekingama tumboni. Walikuwa wanalima vibarua kule bondeni, ambako njia ilishageuka tope tupu. Nilikuvuta pembeni nikakwambia haya ndiyo mafuta ya mwisho. Ukanitazama kama mtoto wa jirani.

"Mafuta yatakuja na treni," ukasema. "Mtoto huyu haji na treni."

Tukaenda. Gia ya chini njia nzima, injini inanguruma, inameza. Tulimtoa Goreti kule bondeni, tukamfikisha hospitali mjini, akapasuliwa, akapona yeye na mtoto wake. Wakati wa kurudi gari likakohoa mbele ya kanisa letu, likazima. Tulilisukuma mpaka uani. Ulikuwa unacheka, umejaa tope hadi magotini, unawaambia majirani kwamba leo gari ndilo limebebwa.

Wiki hiyo hiyo tumbo likakushika. Ukasema ni mchango, ukanywa dawa za mizizi. Asubuhi yake tumbo lilikuwa gumu kama ubao na ulikuwa huwezi kunyoosha miguu. Nilichukua baiskeli na dumu. Nilikwenda parokiani, nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikaenda kwa mwenye mashine ya kusaga. Hakuna. Nilirudi na dumu tupu likigongagonga nyuma yangu. Vijana walishafunga machela.

Ilitubidi tupite mbele ya gari ili kutoka uani. Uligeuza kichwa ukalitazama. Nikasogea, nikijua sasa utasema neno.

"Yona, funga kioo, mvua inaingia."

Hilo ndilo neno ulilonipa. Hukunibariki, hukuwataja wadogo zangu. Kioo! Nikaenda nikakifunga, nikakimbia kuwafuata. Ulifia mabegani mwetu kwenye mteremko, kabla hatujaliona ziwa, mji ukiwa bado mbali.

Kwenye msiba Baba mdogo Filipo alisimama mbele ya waombolezaji akasema dereva ndiye aliyekuua, alimwaga mafuta kwa wageni. Wewe ungemkalisha chini kwa jicho moja. Mimi nilinyamaza, maana ningesema nilikukataza, ningekuwa nakushitaki juu ya jeneza lako.

Goreti naye alikuja. Alitembea kutoka kule kote, mtoto mgongoni, mshono haujakauka vizuri, akaingia jikoni kusonga ugali wa muhogo na wanawake wengine. Akaniletea mtoto nimpakate. Akasema, "Murakoze," asante ya kwao, akalia. Salamu yake niliipokea. Mtoto sikumpokea. Mikono ilikataa, Mama, na mpaka leo inakataa.

Fundi Hamisi alinichukua kando. Akaniambia nisijidanganye, injini ndogo isingefika bondeni kwa tope lile, na yule mwanamke angekufa. Nikamjibu kwamba kwa injini ndogo ingebaki dizeli ya kukufikisha wewe hospitali. Sote wawili tulikuwa tumesema kweli, na hicho ndicho kinachoniunguza. Nimetafuta wa kumlaumu, sijampata mwingine ila wewe.

Siku ya kuanua matanga Filipo akataka gari liuzwe, wagawane. Nikakataa. Kesho yake, treni ikiwa imeshaleta mafuta, nikaomba dizeli ya kulifikisha Gungu tu.

Sasa sikiliza. Juzi nilikuwa narudi kutoka kambini na hili dogo. Nilikuwa na mzee anayebanwa na kifua, binti yake, na akina mama wawili wenye mizigo ya sokoni. Katikati ya kile kilima kirefu injini ikaanza kulia, na mshale wa joto ukapanda. Nikajua haitafika. Nikasimama, nikawaambia wale akina mama washuke, wabaki kando ya njia, na mvua inanyesha.

Mmoja wao alikuwa anakujua. Akashusha mzigo wake taratibu, akasema, "Mama yako hakumshusha mtu."

Nilitaka kumtukana. Nikafunga mlango, nikaondoka. Kilima kilinipa taabu, lakini mzee alifika kwa mganga wa zahanati akapewa hewa. Kisha nikageuza gari, nikawarudia. Niliwakuta wamejibana chini ya kitenge kimoja, wanatetemeka. Yule aliyeniambia neno alipanda tu, akakaa mbele, mahali pako.

Kwa hiyo nakuahidi hili, na ukitaka kununa, nuna. Mimi nitawashusha watu. Watanitukana mlimani, nao watakutaja wewe, na nitavumilia. Lakini sitamwacha mtu njiani bila kubakiza mafuta ya kumrudia.

Pumzika, Mama. Hasira bado ninayo. Alfajiri nakwenda Kibirizi kupakia dagaa, na kambini nitapita kwa Goreti. Nitajaribu tena kumpakata yule mtoto.

Mwanao,
Yona