Mhandisi Mkuu wa Kiwanda cha Juisi

Shoga, weka sufuria chini usome. Mkwe wangu kaumbuka leo, na mimi nimo!

Si unalijua lile ombi lake la kibali cha kiwanda cha juisi? Fomu ya serikali ilidai picha ya mhandisi mkuu. Mhandisi hana. Akaangaza macho sebuleni, akaniona mimi. MIMI, wa darasa la saba! Akanivisha kofia ya pikipiki iliyonipwaya na koti la marehemu mume wangu, akapiga picha.

Leo tukaitwa ofisini. Bwana wa vibali akaitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha.

"Mhandisi ndiye huyu?"

Mkwe jasho tiririri. "Ndiye, mheshimiwa."

"Haya mkurugenzi, maji machafu ya kiwanda yatakwenda wapi?"

Mkwe akaanza kupekuapekua makaratasi! Kurasa arobaini za ombi kaandikiwa na karani wa mtaani, hajafungua hata moja.

Mimi nilizisoma zote, maana redio imeharibika. Nikasema, "Ukurasa wa thelathini na moja, baba. Shimo la nyuma, mbali na kisima."

Shoga, yule bwana alicheka mpaka akavua miwani. "Miaka yote hapa, huyu ndiye mhandisi wa kwanza aliyesoma ombi lake!"

Anajua, shoga. Anajua kabisa! Kagonga muhuri kwa sharti moja: mhandisi awepo kiwandani kila siku.

Tukarudi nyumbani. Mlangoni mkwe akaanza, "Mama, nakuomba..."

Nikamkata: "Mama yuko jikoni. Mhandisi anataka kofia inayomtosha."