Kopo la Deo Mahurunga

Likombe, Jumapili, Septemba 2008

Jua limewaka tangu asubuhi na mimi nimeshinda ndani, pazia nimeshusha. Leo sitaki kuonana na mtu.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: marehemu mume wangu Deo, fundi wa mitambo bandarini, ndiye aliyeniingiza kwenye mchezo wa kusaka makopo. Mmoja anaficha kopo lenye vitu vidogo na kuandika namba za mahali, mwenzake anakwenda na GPS, kifaa cha kuonyesha mahali, kulitafuta. Sisi wa kuja, watu wa Bukoba, tuliijua Mtwara kwa njia hiyo. Kijiji cha Ziwani nilikijua kwa miiba. Majirani walituona wendawazimu, na hawakukosea sana.

Kopo lake la mwisho alilificha kijijini Mahurunga, shambani kwa watu, akanipa namba huku akicheka. Alisema hilo ni langu peke yangu. Kabla sijaenda akaugua, na kitandani hakuinuka tena.

Mwaka mzima sikuthubutu. Nilijua kuna kitu bado hajanipa, na hicho ndicho kilichokuwa kinaniamsha asubuhi.

Jana nilikwenda.

GPS ilinifikisha kwenye mkorosho uliofyekwa chini pakawa peupe. Msimu unakaribia, na wenyewe husafisha ili korosho zikianguka zionekane. Kopo halikuwepo. Mwenye shamba, bibi mmoja mpole, alinikaribisha muhogo wa kuchemsha. Nikamuuliza kama waliona chochote pale.

"Tuliona, mwanangu. Uchawi ntupu. Kopo limefukiwa chini ya nkorosho, ndani picha ya mwanamke imefungwa utepe mwekundu. Mwanamke mnene, anacheka. Tukasema huyu ntu anamalizwa, tumwokoe. Shehe akasoma dua, tukachoma vyote."

Utepe. Deo hakuweza kumpa mtu kitu bila kukifunga utepe.

Roho iliniuma vibaya. Nilitaka kumchukia yule bibi, nikamtazama anavyonimenyea muhogo, nikashindwa. Alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye huruma angefanya huku.

"Kila nikiswali namwombea," akasema. "Sijui kama alipona."

Alikuwa ananitazama usoni, na hakunitambua. Nimekonda kiasi hicho.

Nikamwambia, "Bado, bibi. Usiache kumwombea."