Nilimpulizia Kaka Kipimo cha Mapafu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumanne, maana Jumanne kaka yangu anapasuliwa moyo na mimi ndiye niliyeharibu. Kaka ni seremala, miaka thelathini anavuta vumbi la mbao na sigara juu yake, akipanda ngazi tano anasimama anajifanya anafunga kamba za kiatu, na mwaka huu mishipa ya moyo ikaziba, daktari akasema atachukua mshipa wa mguuni aupandikize upitishe damu pembeni ya palipoziba, ila kwanza kaka akapimwe mapafu. Kaka akaogopa kwamba wakiyaona watamrudisha nyumbani, akaniambia, "Mdogo wangu, wewe unapuliza tarumbeta kwenye bendi, kanipulizie na hiki," na kwa kuwa kipimo kiko jengo lingine na mhudumu anaita jina tu, nikaitika, nikapuliza mpaka mhudumu akanipongeza, na daktari alipoona karatasi akasema kwa mapafu haya hana wasiwasi. Kaka kaniapisha nisiseme. Shemeji hajui lolote, kila siku ananishukuru kwa kumsindikiza mumewe. Nikisema, kaka atanyimwa upasuaji na hatanisamehe, nikinyamaza naogopa. Nifanyeje?

Mpiga Tarumbeta

Pole, mpiga tarumbeta, najua ulifanya kwa mapenzi. Sasa kaa chini nikugombeze. Watu wazima na ndevu zenu mmekwenda kuibia kipimo kana kwamba ni mtihani wa darasa la nne!

Nimemuuliza daktari wa moyo ninayemfahamu, bila kutaja mtu, akashika kichwa. Mwenye mapafu mabovu hafukuzwi tu hivi hivi, anatafutiwa njia yake. Kuna wanaoshonwa moyo ukiwa unadunda, bila ile mashine ya kusukuma damu, na kuna wanaopasuliwa tundu dogo tu kifuani. Wengine hawapasuliwi kabisa, wanazibuliwa mshipa kwa waya mwembamba unaopitishwa mkononi. Wengine wanasogezwa mbele wiki kadhaa, waache sigara, wavute dawa ya kufungua kifua na kufanya mazoezi ya kupumua. Ipi inamfaa kaka yako sijui mimi wala wewe. Atajua daktari wake akiwa na karatasi ya kweli. Kwa karatasi hiyo yako ya uongo, atamlaza usingizi mzito akiamini ataamka apumue mwenyewe, na huenda asiweze kutoka kwenye mashine ya kupumulia.

Kwa hiyo kiapo hicho kimekwisha leo. Mwambie kaka uso kwa uso, shemeji akiwepo, kwamba kesho asubuhi unakwenda kwa daktari, aje asije. Usipige simu, nenda kwa miguu yako. Ukiingia sema, "Aliyepuliza ni mimi," uombe kaka apimwe upya, naye aseme sigara ni ngapi kwa siku bila kupunguza hata moja. Daktari atafoka, mvumilie. Kaka atanuna, pengine mwaka mzima. Mwache anune, bora awe na pumzi ya kununia.