Jani la isale mbele ya kamera

Dada Zuhura, shikamoo.

Mlima wa kwenye kadi hii sijauona hata siku moja. Ukungu umeufunika tangu tufike huku Marangu, na nguo zangu zote zinanuka unyevu.

Jana tulirekodi ile tamthilia ya televisheni ambamo mimi ni mheshimiwa anayewanyang'anya watu mashamba ya kahawa. Bibi mmoja wa hapa alipewa nafasi ya kuja kuniomba nisimfukuze. Mwongozaji akamwambia, "Bibi, usiigize. Fanya kama ambavyo ungefanya kweli."

Basi akaja na jani la isale, amelishika kwa mikono miwili. Kwa Wachagga, anayekuomba kwa jani hilo hakataliwi, hata kama amekuulia ndugu. Mimi sikujua. Skripti ilisema nimkatae, nikalitupa matopeni.

Mwongozaji alifurahi kupita kiasi. Wanakijiji waliokuwa wakitazama waliondoka mmoja mmoja, na mtori wa mchana niliunywa peke yangu.

Jioni nilimfuata bibi kumwomba radhi. Alikuwa ameshalifuta tope lile jani. "Sina ugomvi na wewe, mwanangu," akasema. "Ila kesho nilitaka kumpelekea hili hili mheshimiwa wa kweli, anayelitaka shamba langu. Sasa kama wa kuigiza amelitupa, huyo wa kweli je?"

Nibusie watoto. Tamthilia ikitoka, majirani wakikuambia mdogo wako kaigiza vizuri, wewe nyamaza tu.

Mdogo wako, Hamisi